Siku ya Barua

Ndugu wafanyakazi, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, nyumba za kambi, dawa za kunyunyiza na saa za ziada. Leo tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza juu ya barua. Tunasema barua ya kweli, ile iliyoandikwa kwa kalamu, ikatiwa katika bahasha, ikabandikwa stempu na kugongwa mhuri. Wengine watacheka. Lakini mtu ambaye hajapata kufanya kazi katika nchi ya watu hajui barua ni kitu gani.

Sisi tunaoandika haya kwetu ni Kagera, Tanzania. Tulivuka mpaka wa Mutukula mwaka 1999 tungali vijana, tukapata kazi ya kuchuma chai katika shamba moja la Uganda lililo mashariki ya Kampala, upande wa njia ya Jinja. Katika kambi ile tulikuta watu wa kila pembe: Wanyarwanda, Warundi, Wakongo, Wakenya. Walikuwako pia wenzetu wa West Nile, ambao ingawa ni wananchi wa Uganda, walikuwa mbali na kwao kuliko sisi wageni. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za mameneja na wenye maduka. Sisi tulikuwa na barua tu.

Barua zote zilikuja kwa sanduku la posta la kampuni, mjini. Dereva aliyepeleka makaratasi benki kila Alhamisi ndiye aliyepita posta akarudi na mfuko. Basi Alhamisi watu walipima majani upesi upesi, hakuna aliyebishana sana juu ya kilo, wakaenda na vikapu mgongoni mpaka mbele ya ofisi. Karani alisimama barazani akaita majina. Majina ya watu wa makabila kumi hayamkai mtu mmoja kinywani, na yeye aliyavunja vunja kama kuni. Hakuna aliyekasirika. Mtu akisikia sauti inayofanana na nusu ya jina lake alikwisha kuwa mbele, mkono umenyooshwa.

Wale ambao hawakuitwa walibaki wamesimama hata baada ya karani kufunga mlango. Tuliwahi kuwa katika kundi hilo Alhamisi tisa mfululizo, tunajua lilivyo.

Aliyepata hakuifungua pale. Hili tuliliona kwa watu wote, wake kwa waume, bila ya kufundishana. Kwanza aliutazama mwandiko apate kujua ni nani aliyeandika. Kisha aliipima kwa mkono kama ni nzito, akaibonyeza pembeni kuona kama ina picha ndani. Halafu alikwenda kunawa. Wachumaji mnajua jinsi utomvu wa chai unavyotia weusi katika vidole, na weusi ule hautoki kwa maji matupu. Sisi tulikuwa tukisugua kwa ndimu na majivu. Hata hivyo barua zetu zote za miaka ile zina alama ya dole gumba jeusi pembeni. Tukizitazama leo tunajua ni zipi tulizozifungua kwa haraka.

Barua ya nyumbani ilikuwa na harufu. Zetu zilinuka moshi, kwa sababu mama alizihifadhi karatasi zake darini juu ya jiko. Siku moja zilikuja pamoja na furushi lililoletwa kwa mkono wa kondakta wa basi, ndani mna senene wakavu. Waganda walitucheka, wakasema senene si wapo hapa tele? Wapo, kweli. Lakini wale walikaangwa na mama.

Na tusome sasa. Barua yetu ya Kiswahili ina desturi yake: baada ya salaam, mwandishi husema yeye hajambo, hofu yake ni juu yako wewe uliye mbali. Kisha hufuata orodha ndefu ya wanaokusalimu. Vijana wa leo husema orodha ile ni maneno ya kupoteza wino. Hawajui walisemalo. Mtu aliye ugenini huisoma orodha ile kama karani anavyosoma rejista ya kazi. Baba mkubwa anakusalimu, yupo. Shangazi anakusalimu, yupo. Bibi je? Barua iliyopita bibi alisalimu, hii hakusalimu. Basi usiku ule hakuna usingizi, na kesho yake unaandika barua fupi sana yenye swali moja.

Hatukuwa wote tunaojua kusoma. Sisi tuliishia darasa la saba, na kambini hicho kilikuwa kisomo cha kutosha kutufanya wasomaji wa watu. Jioni walikuja mlangoni na bahasha. Tulisoma polepole mara mbili, mara ya tatu kama mwenyewe akiomba, nasi tukajiwekea amri kwamba tunasoma kila neno kama lilivyoandikwa, hata likiwa la aibu au la msiba, kisha tunasahau. Mzee mmoja wa Burundi ndiye aliyetushinda, kwa sababu barua zake zilikuwa za Kirundi. Mnyarwanda mmoja wa kiwandani alimsomea, maana lugha zile mbili zinakaribiana sana. Mzee alisikiliza amefumba macho. Alipomaliza alisema Kinyarwanda kimemfanya mke wake aonekane mtu wa mjini.

Wazee wetu wa Kagera waliofanya kazi Uganda kabla yetu walikuwa na raha moja ambayo sisi hatukuipata. Katika sanduku la bati la nyumbani mna bahasha zao zenye stempu iliyoandikwa majina ya nchi tatu pamoja: Kenya, Uganda, Tanzania. Posta ilikuwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967, na makao makuu ya Shirika la Posta na Simu yakawekwa Kampala. Stempu uliyoinunua Bukoba ilifaa Kampala, na ya Kampala ilifaa Mombasa. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, kila nchi ikawa na posta yake. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yaliingia Kagera, ikawa vita mpaka 1979. Mama hutuambia kwamba wakati wa vita waliokuwa na watu wao Uganda waliacha hata kwenda posta kuuliza. Mmoja wa jirani zetu aliendelea kuandika, akaziweka barua zake chini ya godoro mpaka mpaka ulipofunguliwa, akazituma zote siku moja.

Hata hivyo barua haizuiwi na mpaka kama mtu anavyozuiwa. Tangu mwaka 1874, mataifa yalipokutana Bern, Uswisi, na kuunda chama cha posta cha dunia, nchi zilikubaliana kupokea na kusafirisha barua za wenzao. Mfanyakazi anaulizwa pasi na kibali. Barua yake inaulizwa stempu tu. Na katika mapatano ya chama hicho limo neno moja ambalo kila tawi lingefaa kulijua: barua hubaki mali ya aliyeituma mpaka imfikie mwenyewe. Tutaona sasa hivi lilivyotufaa.

Mwaka 2002 mwenzetu mmoja wa Kagera alifiwa na baba yake. Habari ilimfikia kwa mdomo wa msafiri, akaenda kuzika, akarudi kazini. Kilichobaki nyumbani kilikuwa kikao cha ukoo juu ya kibanja. Kwetu kibanja ni migomba na mibuni iliyopandwa na babu, na makaburi yamo humo humo. Mtu asiye na kibanja ana mahali pa kufikia lakini hana kwao. Baba yake mdogo alimwandikia kumwambia kikao kitakuwa Jumamosi tarehe 6 Aprili, afike bila kukosa, kwa kuwa wako wanaosema aliyekwenda Uganda amekwisha kuwa Mganda.

Barua ile aliitiwa barazani Alhamisi tarehe 11 Aprili. Gundi ya bahasha ilikuwa imekwisha kubanduliwa na kubandikwa tena. Tuliisoma pamoja naye. Alipofika penye tarehe ya kikao alituomba tusome tena, tukasoma tena, tarehe ikawa ile ile.

Hapo ndipo tulipoigeuza bahasha. Mbele kulikuwa na mhuri wa Bukoba wa tarehe 4 Machi. Nyuma kulikuwa na mhuri wa posta ya mji wetu, tarehe 19 Machi. Dereva alikwenda mjini Alhamisi tarehe 21. Basi barua ilikuwa imelala ofisini majuma matatu kamili. Karani alipoulizwa alisema alisahau, ilikuwa katika mtoto wa meza. Baadaye, alipobanwa, alisema kweli: ilikuwa mvua za masika, majani yanaota kwa wingi, na kila barua ya nyumbani huzaa mtu wa kuomba ruhusa. Kwa hiyo barua zilizoonekana kuwa na mambo mazito zilikuwa zikingoja majani yapungue. Hakuambiwa na mtu, alisema. Hilo hatukuweza kulithibitisha.

Jioni ile wachumaji walijaa uwanjani kuliko siku ya mshahara. Wengine walitaka mgomo kesho asubuhi. Tunakiri kwamba nasi damu ilichemka, lakini tulikuwa tumekwisha kujifunza kwamba mgomo wa hasira huisha pamoja na hasira. Walichaguliwa watu watano, tukaenda kwa meneja na bahasha mkononi.

Meneja alisema sanduku la posta ni la kampuni, linalipiwa na kampuni. Tulimjibu sanduku ni lako, bwana, barua si yako, na wala si yetu bado, ni ya mzee mmoja wa Kagera aliyeituma, maana haijamfikia mwenyewe. Pia tulikuwa na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ambayo katika kifungu cha 27 inakataza kuingilia siri ya barua za mtu. Haisemi mwananchi, inasema mtu. Mrundi, Mkongo na sisi wa Kagera tumo. Tena mwaka huo huo wa 1995 Uganda ilikuwa imejiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 juu ya wafanyakazi wahamiaji, ambao kifungu chake cha 14 kinazilinda barua zao na mawasiliano yao. Meneja alisoma, akaita chai. Tuliinywa. Ilikuwa chai yetu wenyewe.

Tulikubaliana barua zigawiwe siku ile ile zinapofika, na ziandikwe katika daftari. Karani aliondolewa barazani akapelekwa kwenye mizani, jambo ambalo halikutufurahisha hata kidogo, na habari za mizani tutazileta siku nyingine. Lakini wanachama hawakuridhika na daftari. Walichanga, na mwezi wa sita tawi likakodi sanduku lake lenyewe posta. Funguo zilikuwa mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina, ili asiwepo mtu mmoja wa kuketi juu ya barua za watu. Siku ya kwanza tulipofungua kijilango kile cha chuma tulikuta tangazo la posta tu juu ya kulipa kodi kwa wakati. Tulilibeba mpaka kambini kama harusi.

Na yule mwenzetu? Kikao cha ukoo kilikuwa kimempa kaka yake kibanja chote. Tulimshauri asiandike maneno mengi. Alichukua bahasha ile ile yenye mihuri miwili na alama za gundi, akaitia ndani ya bahasha kubwa pamoja na karatasi moja inayosema ni lini aliipata na ushahidi wa sisi watano tuliotia sahihi, akaituma kwa rejista. Wazee wa ukoo waliipitisha mkono kwa mkono. Mhuri wa posta hauna undugu na mtu. Walikaa tena mwezi wa saba, naye akiwa mbele yao kwa ruhusa ya siku saba, akapata sehemu ya juu yenye mibuni. Na kaka yake hawajapatana vizuri mpaka leo, hilo posta haliwezi.

Wanachama wapya hutuuliza namna ya kufanya barua isipotee. Jina liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho, si jina la utani la kambini. Namba ya sanduku, mji, na nchi chini kabisa kwa herufi kubwa. Nyuma ya bahasha anwani ya mwandishi, ili ikikosa mtu irudi ilikotoka. Fedha zisitiwe ndani ya barua kamwe, hata noti moja ya kumnunulia mtoto daftari. Kama huna sanduku na humwamini mwenye nalo, unaweza kumwambia wa nyumbani aandike jina lako na jina la posta kuu ya mji, na maneno poste restante. Maana yake barua ibaki pale posta mpaka uje mwenyewe na kitambulisho. Haikai milele, kwa hiyo pita mara kwa mara. Msemo wa wazee kwamba barua ni nusu ya kuonana ni kweli, lakini nusu hiyo inataka anwani safi.

Sasa kambi nzima ina simu. Hatuichukii. Mama yetu akiumwa tunajua siku hiyo hiyo, na fedha ya dawa inafika kabla jua halijatua. Mwaka 2002 simu ingemwita yule mwenzetu kikaoni kwa dakika moja. Lakini simu huibiwa baa, huanguka katika pipa la maji, na sauti ya mtu aliyekufa hupotea pamoja nayo. Tena kwa simu watu husema upesi yale ya haja, fedha, ada, mgonjwa, halafu salio linakwisha. Hatujasikia mtu akitumia salio lake kutaja wote wanaomsalimu.

Katika mkutano wa tawi wa mwaka jana lilitolewa wazo la kuliacha sanduku la posta. Waliolitoa si watu wabaya, ni vijana wenye kuhesabu. Walisema barua zinazokuja kwa mwezi hazijazi kofia, na kodi ya mwaka ingenunua makoti ya mvua kwa wachumaji kadhaa. Hoja ilikuwa nzuri, nasi mezani hatukuwa na jibu la haraka, kwa sababu makoti yanatakiwa kweli.

Ndipo aliposimama dada mmoja mchumaji, Mtanzania wa Kigoma, ambaye miaka yote hatukupata kusikia sauti yake mkutanoni. Alisema ana binti aliyemwacha kwa bibi yake, yuko darasa la tano. Kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa binti humwandikia barua kwa mkono wake. Aliitoa moja katika kitenge, akaifunua mbele ya watu. Maneno yalikuwa machache. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa na mchoro wa mguu. Mtoto alikanyaga karatasi, akauzungushia kalamu ya risasi, ili mama ajue viatu vya kununua. Penye kidole kidogo kalamu iliteleza, kwa hiyo kidole kimekuwa kirefu kama cha mkono.

Dada alisema anazo nne kama hiyo. Jioni huzipanga moja juu ya nyingine, akazielekeza kwenye taa apate kuona mguu ulivyokua. Kwa simu huambiwa namba tu, alisema, na namba haioneshi kidole.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna wa kuongeza neno. Kijana mmoja kati ya wale wa makoti aliomba aione karatasi, ikazunguka safu kwa safu mpaka nyuma, watu wakiishika pembeni pembeni kwa sababu ya vidole vyao. Kisha kura zikapigwa. Sanduku limebaki, na kwa habari ya makoti kamati imeagizwa ikayadai kwa mwajiri, ambaye hasa ndiye anayepaswa kuyanunua.

Kodi ya mwaka huu imekwisha lipwa. Barua hugawiwa Jumamosi baada ya kupima majani, mbele ya ofisi ya tawi. Yule dada alinunua viatu mnadani akiwa ameiweka karatasi juu ya soli, akachagua vikubwa kidogo, maana barua ilichukua majuma matano njiani na miguu ya watoto haingoji posta.